Pindo la Gauni

...na kiatu cha pili kiko wapi, ah, kiko mkononi mwake, ndicho hiki anachokitafuta, ama kweli furaha humpumbaza mtu, amekaa ukingoni mwa kitanda alichokilalia tangu utotoni, mguu mmoja una kiatu na wa pili uko peku, na nje gari la mikate linapiga honi, pii, pii, ni la mumewe huyo, mwoka mikate, mume wangu, anajaribu neno hilo kimyakimya, mume wangu, linamtekenya ulimi, na mlangoni shangazi anagonga, "Bibi harusi, toka basi, au tukubebe na kitanda chako?", "Nakuja, shangazi," na haendi popote, maana moyo unamwenda mbio, vyumba viwili juu ya duka la mikate, dirisha lake mwenyewe, pazia la manjano ameshalishona, na alfajiri harufu ya mkate itapanda ngazi kuja kumwamsha, na yule mwanamume mwenye unga kwenye nyusi, anayecheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe, atakuwa wake kila siku, hata Jumatatu, jamani, hata Jumatatu... lakini baba. Baba na sindano zake. Fundi mzima wa nguo, mtaa wote unavaa kazi ya mikono yake, na hakuna ajuaye ila binti yake kwamba macho yamemtupa mkono, tundu la sindano halioni tena, kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa yeye ndiye humtungia uzi, nyeupe kushoto, nyeusi kulia, anazichomeka kwenye kimto ili baba azichukue bila kutazama na mteja asijue, mama naye hajui, au anajua na kunyamaza, mama ndivyo alivyo, na jana amezitunga nyingi mpaka kimto kikawa kama nungunungu, ila uzi huisha, ukiisha je, mteja atasimama pale amwone fundi analamba uzi na kuuchoma hewani, na maneno hayana miguu lakini hutembea, nani atampelekea kitambaa tena, na yeye huku anakula mkate wa moto, mwana gani huyu, afadhali angeolewa na jirani, afadhali... hebu avae kiatu kwanza. Anainama. Pindo la gauni liko mbele ya macho yake, na uzi... uzi ni wa buluu. Gauni jeupe pe, pindo la uzi wa buluu, kuzunguka chini kote! Baba alisema, "Pindo niachie mimi, wala usinitungie sindano," akajifungia dukani, naye akadhani atatumia zile za kwenye kimto, lakini kwenye kimto hamna ya buluu, wiki nzima hajautunga uzi huo, basi nani, nani kama si baba mwenyewe, akidhani ameshika mweupe, akilamba na kukosa, akilamba na kukosa, mpaka ukaingia, na mshono umenyooka, hata mmoja haukuruka, mzee huyu, kumbe alikuwa anajizoeza kuachwa. Anacheka, machozi yanamtoka, anacheka. "Unacheka nini peke yako humo?" shangazi anauliza, na nyuma yake sauti ya baba, taratibu, "Mwacheni mwanangu... mama, pindo limekaa?", humwita mama tangu alipozaliwa, "Limekaa sawasawa, baba," "Uzi hauonekani?", anaupitisha kidole ule ubuluu, mshono kwa mshono, "Hauonekani kabisa," na hatamwambia kamwe, na hatalifumua, ataingia nalo hivihivi kwa mumewe, na mwenye kucheka acheke, mkono uliolishona pindo hili utajitungia kesho na keshokutwa, rangi zikichanganyika shauri yao, na honi inalia tena, pii, pii, subiri wewe mwenye unga, nakuja, nakuja kweli sasa, na kiatu bado kiko mkononi.