Pimbi Wasiokimbia

Barua ya posa ya Anton ilinifikia Jumatano, nami niliisoma mwenyewe. Binti yangu Elieth alitaka kunisomea, nikamkatalia. Nilikuwa nimemaliza mwaka mzima katika darasa la kisomo cha watu wazima, na sikuona sababu ya kusomewa barua inayomhusu mtoto niliyemzaa. Nilijifungia chumbani, nikaweka kidole chini ya kila silabi, hata nikafika kwenye mstari huu: "Kazi yangu ni kuongoza wageni korongoni, na kila asubuhi ninatega wanyama wagonjwa."

Nikarudia. Ni-na-te-ga. Anatega wanyama, tena wagonjwa!

Serikali ya kijiji imekataza kutega pimbi katika korongo letu, na mwezi uliotangulia majirani watatu walikuwa wameugua matumbo baada ya kula nyama waliyoambiwa ni ya sungura. Niliikunja barua kama ilivyokuja, nikaifunga katika pindo la khanga, nisimwonyeshe mtu. Nilijiambia kwamba Anton ameandika bila hofu kwa sababu barua za namna hiyo husomwa na wajomba, na wajomba wengi huona mitego kuwa sifa ya kijana mchapakazi. Hakujua kwamba safari hii angesoma mama.

Washenga wangekuja Jumapili kuchukua jibu. Anton alitualika mimi na Elieth tutembee naye korongoni Jumamosi, nikakubali upesi mno, hata Elieth akanikazia macho. Kabla ya kuondoka nilipita kwa kaka yangu Anselm, ambaye ni askari wa wanyamapori wa kijiji, nikamwomba atungoje saa nane kwenye mlango wa chini wa korongo.

"Njoo na kamba," nilimwambia.

"Ya kumfunga nani, dada?"

"Utamwona."

Anton alitupokea kwenye mlango wa juu. Ni kijana mrefu, mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Usoke, na begani alikuwa na kiroba kilichojaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Viazi na majani, mama. Wenyeji wetu hawapendi mgeni wa mikono mitupu."

Elieth alicheka. Mimi nilikitazama kile kiroba.

Njia ya korongoni ni ile waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani wakielekea Tabora. Penye kivuli kuna bamba la jiwe lenye mashimo ya bao, ambayo wazee wetu husema yalichongwa na wapagazi hao walipopumzika. Tulipofika hapo Anton alipiga mluzi mmoja mfupi. Pimbi wakatoka katika kila ufa, wakubwa kwa wadogo, wakaja hadi miguuni petu. Mmoja alipanda juu ya kiatu changu, akakaa. Juu ya mwamba, mbuzimawe alisimama kwa ncha za kwato zake akitutazama bila haraka, na tumbili mwenye mtoto kifuani alinyoosha mkono apewe kiazi.

Nimekulia hapa. Utotoni mwangu pimbi walikimbia hata kivuli cha mwewe.

"Mbona hawakimbii?" niliuliza.

"Wamenizoea, mama."

"Kuku naye humzoea anayemlisha. Kisha sikukuu inafika."

"Mama!" Elieth alisema. "Leo umeamkia upande gani?"

Anton alitabasamu tu, na tabasamu lake likanizidishia mashaka. Nilianza kumchunguza alivyotembea. Niliona jinsi alivyowahesabu pimbi kwa midomo, kimyakimya. Niliona pia kipande cha waya kikichungulia mfukoni mwake. Tulipokaribia mlango wa chini alihama upande wa kushoto, akasimama kati yangu na pango dogo.

"Hapa tusisogee sana, mama."

Nikasogea. Mdomo wa pango ulikuwa umezibwa kwa waya na miiba, na nyuma ya waya walikuwapo pimbi sita, waliodhoofu, wenye mabaka yasiyo na manyoya.

"Anselm!" niliita kwa sauti iliyogonga miamba ya pande zote mbili za korongo. "Njoo! Nimempata!"

Kaka yangu alitokea na kamba mkononi. Elieth aliniuliza ninafanya nini, nami nikamjibu kwamba ninamwokoa.

"Huyu anatega wanyama," nilisema. "Wagonjwa. Kisha watu wanalishwa!"

"Mimi?" Anton alisema. "Mama, hawa wana upele. Bwana mifugo amenipa dawa ya kuwapaka, na wakichanganyika na wenzao wataambukiza korongo zima."

"Umekiri kwa mkono wako mwenyewe."

Nilifungua pindo la khanga, nikaikunjua barua, nikainyoosha kabisa juu ya jiwe ili Anselm asikie kila neno. Jua lilikuwa kali. Kidole changu kilipofika kwenye neno lile, kilisimama. Mkunjo wa karatasi ulikuwa umepita katikati ya neno hilo, na ndani ya mkunjo, nyembamba kama mguu wa sisimizi, ilikuwamo n.

Mwalimu wetu, Bi Najiat, alikuwa amenionya kila juma: "Mama Elieth, unaimeza n. Ga si nga." Nilikuwa nikimwitikia, kisha nasonga mbele.

Hakuna aliyeiona isipokuwa mimi. Ningeweza kuikunja barua na kusema jua linaniumiza macho. Ningeweza kuwarudisha washenga kwa sababu yoyote, na kijana yule angeondoka na jina la jangili kijijini kwetu. Elieth alikuwa amesimama karibu na Anton.

"Ni-na-te-nga," nilisoma kwa sauti. "Ninatenga wanyama wagonjwa. Anton, nilisoma vibaya. Nisamehe."

Hakucheka, nami nilimheshimu kwa hilo.

"Tangu Jumatano ulinidhania hivyo, mama?"

"Tangu Jumatano."

Aliinama, akaukaza waya wa pango. Pimbi wa kiatuni alikuwa amenifuata mpaka pale.

"Basi na mimi nitaandika herufi kubwa," alisema.

"Na hii kamba?" Anselm aliuliza. "Nimebeba kutoka nyumbani. Nimfunge nani sasa, dada, wewe?"

"Nipe, mjomba," Anton alisema. "Lango langu limelegea, na waya hautoshi."

Walilifunga lango pamoja. Wakati huo nilikifungua kile kiroba nikakikagua hadi chini. Kilikuwa na viazi na majani.

Jioni Elieth alinyoosha mkono aniandikie jibu la posa. Nilimkatalia tena, ila safari hii nilimkalisha kando yangu asome nyuma yangu. Niliandika kwamba tumekubali, na kwamba kwa ajili ya mazungumzo ya mahari tumetenga Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno. Katika neno tumetenga, n niliiandika kubwa kuliko herufi zote, hata ikagusa mstari wa juu.