Lukumani Aanguka Tena

Hamoud bin Majid alifuta miwani kwa ncha ya kanzu, akaisogeza picha ya tatu ya ushahidi karibu na dirisha. Chumba cha wazee wa baraza, pale mahakamani Tabora, kilikuwa na meza yenye mguu mbovu na viti viwili. Kwenye kiti cha pili alikaa Nikolaus, mkulima wa Lusu, mtu asiye na haraka. Walitakiwa kusema kama Kasimiri wa Ipole alimuua shemeji yake Lukumani. Wakisema ndiyo, Kasimiri angenyongwa. Wakisema hapana, jaji angewasikiliza, kisha angeamua apendavyo, maana sheria ya Waingereza ilitaka wazee waulizwe tu. Hamoud alikuwa mfanyabiashara, kwa hiyo kuulizwa na mtu asiyenunua hakukumshangaza.

Pichani Lukumani alilala kifudifudi chini ya mninga, uchi wa mnyama, kichwa kimepasuka na shoka liko kando. Mwendesha mashtaka alisema muuaji alimpiga, kisha akamvua nguo aziibe.

"Kauawa huyu," Hamoud alisema. "Nani anatembea uchi porini?"

"Mrina asali, Bwana Hamoud. Nyuki akiingia ndani ya shati ukiwa juu ya mti, utajuta kuzaliwa. Na shati lenyewe lile pale, limekunjwa juu ya jiwe. Mwizi gani anakunja?"

"Mwizi mwenye mke mkali," Hamoud akajibu, kwani hakupenda kushindwa upesi.

Walibishana mpaka adhana ya adhuhuri. Hamoud alikwenda kuswali, na aliporudi alimkuta Lukumani amesimama pichani, akijipangusa majani magotini. Nikolaus alikuwa amekiondoa kikombe cha chai ili ampishe.

"Ameamka ulipotoka tu," alisema.

Lukumani akapanda mninga, shoka begani, kienge cha moshi mkononi. Alipoufikia mzinga, kamba ya magome ikakatika. Akaanguka, shoka likamfuata, likampata kisogoni. Kasimiri akaja mbio kutoka ukingoni mwa picha, akapiga magoti, akamkumbatia huku akilia, ndipo shati lake likaloa ile damu iliyokuwa imesemwa sana mahakamani. Kisha akakimbia kuita watu. Nyuki wachache walitoka pichani wakatua kwenye sukari.

"Nimeshindwa," Hamoud alisema, na kwa kweli alifurahi kuliko siku nyingi ambazo alishinda. "Muombe arudie. Sijaiona vizuri ile kamba."

Lukumani akarudia. Hakuwa mtu wa kunung'unika.

Walimpelekea jaji picha ile. Jaji alimtazama Lukumani akianguka, akamtazama tena, kidevu mkononi. Mwendesha mashtaka akapinga, akisema marehemu hakuapishwa, wala hawezi kuhojiwa. Zaidi ya hayo, picha ilipokelewa mahakamani ikiwa na mtu aliyelala, na ushahidi haubadilishwi baada ya kupokelewa. Jaji aliona hoja ni nzito. Akamwamuru karani, Saidi, amwambie Lukumani alale kama alivyokuwa. Saidi akamwambia kwa Kinyamwezi, kwa adabu, na Lukumani akalala.

Wazee wote wawili walisema Kasimiri hana hatia. Jaji aliwashukuru kwa msaada wao, akamhukumu kunyongwa. Alinyongwa kabla ya mvua.

Msimu wa kurina ulipofika, picha ya tatu ilianza kuvuja asali. Saidi aliiwekea bakuli, na kila asubuhi bakuli lilipelekwa nyumbani kwa jaji, aliyeila na mkate na kuisifu. Siku moja Hamoud alipita mahakamani kwa shughuli zake akamkuta Katarina kibarazani, dada yake Lukumani na mjane wa Kasimiri, kibuyu kitupu miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hawajakupa?"

"Wanasema ni mali ya serikali."

Hamoud aliingia ndani. Saidi alimkaribisha chai, akamtilia asali kidogo. Hamoud hakukigusa kikombe. Aliinama juu ya picha, akaitazama alama iliyochongwa kwenye mzinga.

"Mzinga huu ni wa nani?" aliuliza.

"Wa Kasimiri," Saidi akajibu. "Alama yake ile pale. Hilo mahakama haikulibishia hata kidogo."

Kisha akaliondoa bakuli lililojaa, akaweka jingine.