Siku Tuliyopita Uani kwa Mwanarehema

Chupa ya uzazi ilinipasukia chooni, siku ya hina ya wifi yangu Ikhlas, nyumba ikiwa na wanawake wengi kuliko mikeka. Uchungu sikuwa nao hata kidogo. Nilijipangusa kwa leso nyeupe, nikaitazama, nikaona maji yana rangi ya kijani kama yaliyooshewa mchicha.

Muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia jambo hili mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nacheka. "Nadira, chupa ikipasuka njoo hospitali, hata kama huumwi. Na maji yakiwa na rangi, usimsubiri mtu. Huenda mtoto amejisaidia humo tumboni na amechoka." Mimi ni mtu wa kusahau hata chumvi ya mchuzi, lakini hilo sikulisahau.

Nikamwita mama mkwe chumbani. Bi Mwanatumu ni mwema na nampenda, ila ana jambo moja: nyumbani kwake mwanamke akishikwa na uchungu haambiwi mtu. Wengi hapa Mishomoroni tumelelewa hivyo. Huaminika kwamba kila anayejua humzidishia mzazi uchungu, kwa hivyo mtu hutolewa kimyakimya, na majirani hupata habari mtoto akiwa ameshavishwa nguo. Kwa wengine ni mazoea tu. Kwa Mama ni zaidi, maana mtoto wake wa kwanza alifia tumboni katika nyumba hii hii, siku ambayo jirani yetu Mwanarehema aliingia bila hodi, akamkuta anaumwa, akatoka akawaambia watu. Ukuta wao ni mmoja, lakini tangu siku hiyo salamu zao ni za arusi na matanga tu.

Nilimwonyesha leso.

"Una utungu?" akaniuliza.

"Sina, Mama."

"Basi bado. Keti tini, mwanangu. Magharibi wageni wakishaondoka tutavaa mabuibui yetu tutoke, hapana atakayejua."

"Mama, itazame rangi hii."

"Naiona."

"Mtoto hawezi kungoja magharibi."

Akaninyang'anya leso, akaikunja rangi ikafichika ndani. Nikafahamu kwamba hakunidharau. Alikuwa na hofu kunizidi, ila hofu yake ilitazama upande mwengine. Nilimhurumia, na papo hapo nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Vyote viwili nikaviweka kando, nikavaa buibui.

Nilimpigia Mahir, mume wangu, aliyekuwa zamu bandarini. "Nakwenda hospitali sasa hivi. Tukutane huko." Akauliza mama anasemaje. Nikakata simu, maana hayo yangekuwa mazungumzo ya siku nyingine.

Tatizo lilikuwa njia. Mbele ya nyumba hema la arusi lilikuwa limeziba kichochoro kizima, na mlangoni masufuria ya pilau yalikuwa yamekaa juu ya moto. Nyuma, mlango wetu unatokea uani kwa Mwanarehema, na geti lake linatazama barabara ya tuktuk.

"Huko sipiti," Mama akasema, akiona macho yangu yalipoelekea.

"Usipite, Mama. Mimi napita."

Kuufikia mlango wa nyuma ilibidi nikatize ukumbini. Mama alinifuata akininong'oneza niseme nakwenda kununua udi. Wanawake walikuwa wanaimba, Ikhlas amekaa katikati, mikono ameinyoosha hina ikauke. Nikasimama mbele yao wote.

"Jamani, samahanini. Chupa imepasuka na maji yana rangi, nakwenda kuzaa. Nataka mtu wa kunishika mkono na mtu wa kunisimamishia tuktuk."

Nyuma yangu nilisikia Mama akivuta pumzi kama aliyeungua.

Aliyeinuka kwanza ni Mwanarehema. Alikuwa pembeni ya mkeka, karibu na mlango, wanapokaa waliokuja kutimiza wajibu. Alitoa ufunguo kifuani, akasema, "Geti langu lina kufuli. Nifuate."

Akanishika mkono, tukaingia uani kwake, tukapita chini ya kamba za nguo, kuku wakitukimbia. Nilipogeuka nilimwona Mama kwenye kizingiti chake, mkoba wangu mkononi, haendi mbele wala harudi. Sikumbembeleza. Sikuwa na nafasi hiyo. Hatua chache tu nikashikwa na uchungu wa kwanza, nikainama, na hapo ndipo nikamsikia akija mbio, kiatu kimoja amekiacha nyuma. Akanishika mkono wa pili. Nilikwenda hivyo mpaka getini, katikati ya wanawake wawili wasiotazamana.

Mama alipanda tuktuk pamoja nami, na njia nzima midomo yake ilikuwa ikisoma dua. Hospitalini mkunga alisikiliza mapigo ya mtoto, akasikiliza tena, uso ukabadilika. "Yanashuka," akamwambia mwenzake. Nikapelekwa kupasuliwa. Walipomtoa hakulia. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe, nikimwambia moyoni, lia, nimekuleta kwa wakati, lia. Kisha akalia, kilio kidogo cha hasira, nami nikalia naye.

Baadaye, wodini, Mahir alikuwa amesimama kando ya kitanda na Mama amempakata mjukuu wake. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Nyumba nzima yajua," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na Mwanarehema ajua. Na mtoto yu hai." Akamtazama mtoto, aliyekuwa anapiga miayo. "Miaka yote hino namlaumu. Kumbe hakuwa yeye."

Mtoto aliyekuwa akimlilia hakuwa wangu; alikuwa yule wake wa kwanza.

Akamgeukia Mahir. "Nipigia Mwanarehema."

Mahir hakuwa na namba yake, wala Mama hakuwa nayo, namba ya jirani waliyeshiriki naye ukuta mmoja. Ikabidi ampigie Ikhlas, naye akatoka na hina yake mikononi akapeleka simu nyumba ya pili. Tulisikia akipiga hodi.

Mama alimpa Mahir mtoto, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mwanarehema," akasema, akaisogeza simu karibu na mdomo. "Mwanarehema, tumepata mtoto wa kike. Hapana mwengine niliyemwambia. Wewe ndiwe wa kwanza."