Mtoto Aliyelia Nyuma ya Tangazo

Kaka yake Jicho alikuwa amenunua televisheni pana kama mlango, na jioni ile aliwaita ndugu waje kuiona ikifanya kazi. Kituo cha televisheni cha mji wao kilikuwa kinaanza kurusha picha za HD, zile za ubora wa juu, na kwa wiki nzima kilikuwa kimejipiga kifua hewani kwamba watazamaji sasa wataona mpaka vinyweleo. Kipindi cha kufungua dimba kilikuwa filamu aliyoifanyia kazi Jicho mwenyewe, kama walivyomwita kazini.

Jicho alikuwa mrekebishaji wa rangi katika kituo hicho. Picha zikishapigwa na kuunganishwa zilipelekwa kwake, naye alikaa nazo katika chumba chenye mapazia meusi mpaka uso wa mtu ufanane na uso wa mtu. Jina hilo wenzake walimpa kwa utani, siku alipokataa kupitisha kipindi cha bustani kwa sababu nyanya zilikuwa na rangi ya matofali. Utani ukaisha, jina likamganda.

Filamu yenyewe ilihusu wodi ya uzazi, na mtu aliyeonekana humo kuliko wote alikuwa shangazi yao, mkunga aliyepigwa picha katika mwaka wake wa mwisho kazini. Sasa alikuwa amestaafu. Jioni ile aliketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote, miguu juu ya stuli, mikono imetulia mapajani kama watu wawili waliomaliza zamu.

"Kaka, mbona hujabandua nailoni?" Jicho aliuliza. Kioo chote cha televisheni kilikuwa bado kimefunikwa na ile karatasi laini ya kiwandani, na katikati ilikuwa imetuna kama ngozi iliyoungua.

"Nibandue ili watoto waikwaruze?" kaka yake alijibu. "Picha inapita tu. Wewe tazama rangi zinavyowaka."

Ziliwaka kweli. Msomaji wa habari alikuwa na uso wa chungwa na midomo ya zambarau, na alikuwa amevutwa kwa upana hadi mabega yakataka kutoka nje ya kioo. Wifi yake, mke wa kaka, alipitisha bakuli la karanga akasema yule msomaji amenenepa siku hizi. Jicho alichukua karanga akazishika tu. Aliona kinyaa kikimpanda taratibu, lakini nyumba ilikuwa ya watu na furaha ilikuwa yao.

Filamu ikaanza.

Ndani yake kulikuwa na mahali ambapo Jicho alikuwa amepatolea jasho kuliko pengine popote. Mtoto anazaliwa hapumui. Midomo yake na ulimi wake vina rangi ya majivu. Shangazi anamfuta, anamsugua mgongo, anamwekea kifaa cha hewa puani na mdomoni, anabonyeza, anasubiri, anabonyeza. Hakuna muziki, hakuna msimulizi. Halafu ulimi unaanza kubadilika, uwekundu unaingia polepole kama chai inavyoingia kwenye maji, unafika midomoni, na mtoto analia kilio chembamba sana. Hivyo tu. Jicho alikuwa ameilinda ile rangi kama yai, maana bila hiyo mtazamaji hawezi kujua kilichotokea.

Shangazi alipomwinamia mtoto, picha ilikatika vijisanduku vijisanduku, uso wa mtoto ukawa kama sakafu ya vigae. Kisha picha nzima ikasinyaa ikasukumwa kwenye pembe ya kioo, na pembeni likajitokeza tangazo la kampuni ya kamari, kijana akicheka na kurusha noti juu, pamoja na wimbo wake. Huko kwenye pembe mikono ya shangazi iliendelea kubonyeza, midogo kama ya mdudu. Mtoto alikuwa wa zambarau, kama kila kitu kingine kwenye ile televisheni. Wimbo ukapanda. Kabla haujaisha, kituo kikakata kwenda kwenye matangazo mengine ya sabuni na mikopo, na kiliporudi, mama wa yule mtoto alikuwa peke yake kitandani, anajifuta machozi.

Jicho alijua kwa nini mama analia. Mtoto alikuwa chumba cha pili anapimwa uzito, na mama alikuwa analia kwa raha. Lakini nani mwingine angejua?

"Maskini," wifi alisema, mkono kifuani. "Kumbe alikufa."

"Hakufa," shangazi alisema.

"Si tumeona, shangazi?"

"Nilikuwepo, mwanangu. Hakufa."

Kaka alishika rimoti akaongeza sauti, kana kwamba sauti ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Asubuhi Jicho alirudi pale nyumbani kabla ya kwenda kazini. Alitaka kwanza kuwa na hakika mkosaji ni nani. Kaka yake akiwa amesimama nyuma akinung'unika, alibandua ile nailoni yote, akaingia kwenye mipangilio na kuondoa zile rangi kali zinazowekwa kuvutia wateja dukani, akarudisha picha kwenye upana wake wa kweli. Kisha akachomeka flashi yenye filamu yake.

Kaka yake akakaa chini polepole. Ulimi wa mtoto ulibadilika rangi mbele ya macho yake, na kilio kikasikika sebuleni.

"Sasa jana ilikuwa nini?" aliuliza.

Jicho alirudisha kituo cha mji. Kulikuwa na kipindi cha asubuhi. Televisheni ilikuwa ileile, kioo safi, mipangilio sawa, na watu bado walikuwa wamefubaa kama wanaotazamwa kupitia chupa ya mafuta. Pembeni juu ziliandikwa zile herufi mbili za HD, na hizo peke yake ndizo zilizosomeka vizuri.

Kazini alikwenda moja kwa moja chumba cha mitambo. Fundi mitambo, mtu mzima mwenye tabia ya kusema huku akitazama mlango, hakumzungusha.

"HD ipo kwenye ile nembo tu," alisema. "Nafasi tuliyopewa hewani ingetosha kurusha picha nzuri. Wakubwa wameigawa. Humo humo tunapitisha chaneli tatu za kamari na moja ya kuuza vyombo. Sisi wenyewe tumebaki na upenyo. Filamu yako imekandamizwa mpaka imekuwa uji, halafu ndiyo ikatanuliwa ijaze kioo."

"Na lile tangazo, nani aliliweka pale?"

Fundi alitazama mlango. "Mwulize mkurugenzi."

Mkurugenzi wa vipindi alimpokea kwa mikono miwili. Mezani alikuwa na simu tatu, na zote zilikuwa zinatetemeka.

"Jicho, umeuwasha mji," alisema. "Hakuna kinachozungumzwa leo ila filamu yako. Kila mtu anauliza kuhusu yule mtoto."

"Wanauliza kwa sababu wanadhani amekufa. Tangazo limefunika pumzi yake ya kwanza. Nani alichagua liingie pale?"

Mkurugenzi alionekana kushangaa kweli. "Wewe. Nilikuuliza ulipoikabidhi filamu, sehemu gani ya filamu mtu hawezi kubanduka kwenye kiti. Ukaniambia ni pale. Mwenye tangazo anataka macho, na macho yalikuwa pale."

Jicho alikumbuka. Alikuwa amemjibu akiwa amefurahi, akidhani kwa mara ya kwanza bosi wake anauliza habari za kazi. Aliona mate yamejaa mdomoni, mepesi na ya chumvi, kama mtu anayekaribia kutapika. Aliyameza.

"Rudieni filamu," alisema. "Bila tangazo, na mseme kwamba mtoto yu hai."

"Tutairudia, wala usiwe na shaka," mkurugenzi alisema, akaokota simu mojawapo. "Niachie mimi."

Siku ile ile mambo yakaharibika. Jana yake mtu fulani alikuwa amepiga picha kioo cha televisheni yake, nayo ya rangi kali zilezile za dukani, wakati shangazi akiwa amemwinamia yule mtoto wa zambarau, akaisambaza kwenye simu na maneno ya kuuliza ni watoto wangapi wamepita mikononi mwa huyu bibi. Kufumba na kufumbua picha ikawa kila mahali. Pale wodini, mjamzito mmoja alikataa kulazwa, akasema hataki kufia kwenye wodi ya televisheni. Na shangazi alipokwenda dukani, mwanamke aliyekuwa mbele yake alimtazama, akamtazama tena, akamvuta mtoto wake upande wa pili.

Shangazi alisimulia hayo bila kupandisha sauti, akikuna ukucha wa kidole gumba. "Yule mwanamke namjua," alisema. "Huyo mtoto aliyemvuta nilimpokea mimi alipozaliwa."

Aliyekuja kwa hasira ni mama wa yule mtoto wa kwenye filamu. Alifika nyumbani kwa shangazi amembeba mwanawe kiunoni, sasa mkubwa, ana meno na kelele.

"Mama mkunga, tangu jana watu wananipa pole," alisema. "Mama mkwe wangu kapigiwa simu na watu wanalia. Mwanangu huyu hapa, anakula, ananipiga makofi. Nani kamwua?"

Jicho, aliyekuwa amekaa kwenye kona, alisimama akamweleza kila kitu, pamoja na lile la kwamba mahali pa tangazo alipataja yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi waonyesheni watu ile ya kweli. Mimi nitakuja naye tukae mbele."

Kaka mtu ndiye aliyetoa televisheni. Hakuna aliyemwomba. Alisema tu kwamba pale ukutani inamkera, akaishusha mwenyewe, akaifunga kwa blanketi la kitandani mwake, wifi akishika upande wa pili na kumwambia aangalie ngazi. Mganga mkuu wa hospitali aliwaruhusu waiweke kwenye ukumbi wa kliniki ya wajawazito, siku ambayo unajaa.

Ukumbi ulikuwa na televisheni yake ndogo juu ya kabati, nayo ilikuwa imewashwa kama kawaida kwenye kituo cha mji. Wakati kaka akihangaika na waya, Jicho alisikia sauti ya mkurugenzi wake ikitoka kwenye ile televisheni ndogo. Aligeuka. Mikono ya shangazi ilikuwa kwenye kioo, imepunguzwa mwendo, chini yake ngoma nzito, na sauti ile ilikuwa inasema kwa kuburuta maneno: "Je, mtoto alikufa? Usikose marudio, kwa HD pekee." Kisha yule kijana wa kamari akatokea, akirusha noti.

Baadhi ya wanawake waliangua kicheko cha aibu. Shangazi alikuwa ameketi kati yao. Alitazama hadi mwisho, akauliza, "Hiyo ndiyo pole yao?"

Jicho alipanda kwenye kiti akaizima televisheni ndogo.

Filamu ilionyeshwa nzima. Mahali pale palipofika na kilio chembamba kiliposikika, mtoto mwenyewe, aliyekuwa mapajani mwa mama yake, aligeuka kutafuta ni nani analia. Watu wakacheka, safari hii cheko la kweli. Mwanamke mmoja alimfuata shangazi baadaye akamwomba radhi kwa maneno aliyoyaandika kwenye simu. Wengine walioandika hawakuja. Wale waliokuwepo walisimulia walichokiona, na wodi haikukosa watu. Lakini ile picha ya zambarau bado inazunguka, na kila baada ya muda mtu mgeni humpelekea shangazi mwenyewe, kumwuliza kama ni yeye.

Jicho aliandika barua ya kuacha kazi jioni hiyo, na akaomba jina lake liondolewe kwenye filamu. Hilo walimtimizia upesi. Marudio yaliporuka hewani, penye jina lake palikuwa na la mkurugenzi, na tangazo lilikuwa palepale.

Siku hizi anasafisha picha za harusi katika chumba cha kukodi, kazi ya watu wanaotaka ngozi zao ziwe laini kuliko walivyozaliwa. Haipendi sana. Njia yake ya kwenda huko inapita mbele ya duka la vyombo vya umeme, ambako televisheni zimepangwa dirishani zote zikionyesha kituo kile, nyuso pana, za chungwa, kumi kwa mpigo. Mwenye duka anamfahamu kwa sura. Siku moja alimwita, "Dada, karibu ndani uone HD."

Jicho alitema mate kwenye mtaro, akajifuta mdomo, akaendelea na safari yake.