Kikombe cha Chini ya Sinki

Chapati zilikuwa zinafura juu ya chuma, na Pushpa alikuwa akizigeuza kwa vidole kama alivyofanya kila siku tangu aolewe. Mumewe, Kanti, alikuwa mezani anakula. Desturi ya nyumba ilikuwa hiyo: chapati itoke jikoni ikiwa ya moto, itue kwenye sahani ya mwanamume, na mpishi ale mwisho, tena amesimama, zile zilizopoa.

Ilikuwa Jumamosi, Rayners Lane, kitongoji cha London. Siku hiyo kijana wao, Kishor, alikuwa Hayes, mbele ya ukoo wa mchumba wake, bila mtu hata mmoja wa kwao. Mchumba mwenyewe aliitwa Mumbi. Alikuwa nesi, mzaliwa wa Nakuru, mji uleule ambao Pushpa na Kanti walizaliwa na kuuhama mwaka wa sitini na nane. Ungedhani jambo hilo lingewafurahisha wazee. Lilimfanya Kanti asilale.

"Hakuna mtu atakayetoka nyumba hii kwenda Hayes," Kanti alisema. Alisema kwa Kiswahili, lugha waliyoitumia tangu zamani walipotaka watoto wasielewe. Binti yao Jaya, aliyekuwa sebuleni, alikuwa akiielewa tangu utotoni, na Kishor pia, ila hawakuwahi kuwaambia.

"Ni mwanao anaposa," Pushpa alisema.

"Anaposa Mwafrika. Watu wa hekaluni watasema nini? Kaka yangu nitamtazama vipi?"

"Kwa macho, kama siku zote."

Kanti akaweka tonge chini. "Usinifanyie mzaha. Mimi si mtu mbaya. Wakishaoana, msichana aje, mimi simnyimi mtu chai. Lakini jikoni asiingie, chakula cha mkono wake sili, na kikombe chake kipo chini ya sinki."

Pushpa alikijua kikombe hicho. Kilikuwa cha bati, cheupe, chenye mdomo wa buluu uliobanduka upande mmoja. Walikuja nacho kutoka Nakuru, kimefungwa pamoja na masufuria. Kule kilikuwa cha yaya. Hapa London kikawa cha fundi bomba, cha mpaka rangi, cha yeyote ambaye hakutakiwa kugusa vikombe vya kabatini. Hakuna aliyewahi kukaa akaliamua jambo hilo. Kikombe kilihama nchi, na desturi ikahama ndani yake.

Pushpa akazima jiko.

"Mbona umezima? Chapati?" Kanti akauliza.

"Unga uko hapo. Maji yako bombani."

Akainama, akakitoa kikombe chini ya sinki, akakizungushia gazeti na kukitia mkobani. Akanawa mikono, akavaa koti juu ya sari, na miguuni akavaa raba.

"Unakwenda wapi?"

"Kuposa."

"Pushpa, ukivuka mlango huo..."

Hakungoja mwisho wa sentensi. Ukumbini Jaya alikuwa amesimama na funguo za gari mkononi, macho yamemtoka. Pushpa akamgusa shavu. "Nitapanda basi. Wewe kaa na baba yako. Na usimpikie."

Akabadilisha basi South Harrow. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno. Kiswahili chake alikipata jikoni, akiwa mtoto wa nyumba yenye watumishi: leta, ondoa, osha, haraka. Kuamuru alijua vizuri. Kuomba hakuwahi kuhitaji, na sasa alikuwa akienda kuomba kitu kikubwa kuliko vyote, kwa watu ambao hakuwahi kuwaomba hata chumvi. Mara mbili mkono wake uliinuka kutaka kubonyeza kengele, ashuke, arudi nyumbani. Mara mbili aliushusha.

Sherehe ilikuwa katika ukumbi wa kanisa. Alipofungua mlango alimwona Kishor ameketi kwenye benchi, na kando yake rafiki yake mmoja tu, Abdulwakil wa Mombasa, kijana mwenye ndevu na shati lililopigwa pasi kwa bidii. Mbele yao alisimama Mzee Njenga, baba mkubwa wa Mumbi, ambaye ndiye aliyekuwa akiusemea ukoo. Pembeni wasichana kadhaa waliketi wamefunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni. Mumbi alikuwa mmojawapo. Posa ikipokelewa, Kishor angetakiwa kumtambua.

Ila posa ilikuwa haijapokelewa.

"Kijana, wewe una adabu na kazi yako ya famasia ni nzuri," Mzee Njenga alikuwa akisema. "Hatuna ugomvi. Lakini mtu hajiposei mwenyewe. Watu wako wako wapi?"

"Mimi hapa, mzee," Abdulwakil akadakia.

"Wewe ni nani wake?"

"Twacheza naye kriketi."

Watu wakaangua kicheko. "Kriketi si ukoo, bwana," mzee akasema. Kisha akamgeukia Kishor kwa sauti ya huruma, jambo lililokuwa baya zaidi. "Mwanangu, nyumba inayoona aibu kuja kuposa, kesho itamwonea aibu binti yetu. Rudi nyumbani. Ukipata watu, uje. Usipopata, basi."

Kishor alikuwa anatazama sakafu.

"Watu wake ni mimi," Pushpa akasema pale mlangoni.

Vichwa vyote vikageuka. Mzee Njenga akajitengeneza koti. "Karibu sana, mama. Na baba yake?"

"Yuko nyumbani."

"Mgonjwa?"

"Mzima. Anajifunza kukanda unga."

Akina mama waliokuwa jikoni, upande wa nyuma, wakacheka hadi kifuniko kikaanguka.

"Anaitwa nani?" mzee akauliza.

Kwao Pushpa mke halitamki jina la mumewe. Miaka yote alimwita Baba Kishor. "Anaitwa Kanti," akasema, na Kishor akainua kichwa kana kwamba kioo kimevunjika.

Mzee akakohoa. "Mama, tunakuheshimu. Ila kwa mila zetu siku ya leo anayeongea ni mwanamume. Akina mama wako kule nyuma, watakupokea vizuri. Maneno yako mpe huyu wa kriketi, atayasema."

Pushpa akatazama kule nyuma. Aliona mvuke, masufuria, migongo ya wanawake iliyoinama. Angeweza kuingia kule akiwa amefumba macho na asigonge kitu.

"Mimi nimetoka jikoni, mzee," akasema. "Sikutoka jikoni kuja jikoni."

Akavuta kiti, akakiweka mkabala na mzee, akaketi.

Ukumbi ukaguna. Kabla mzee hajapata jibu, mwanamke mmoja alitoka nyuma akijifuta mikono kwa aproni. Huyo ndiye Zipporah, mama yake Mumbi, ambaye wiki nzima alilea wazee wa watu huko Croydon na leo alikuwa hajaketi tangu alfajiri.

"Mzee Njenga, niachie kidogo," akasema. "Mama huyu nina swali naye. Mama yangu mimi alikuwa yaya kwa Wahindi pale Nakuru. Alibeba watoto wao mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Kwa hiyo nakuuliza, Mama Kishor, na unijibu mbele ya watu. Binti yangu akija kwako, atanywea kikombe gani?"

Abdulwakil aliacha kutafuna.

Pushpa akafungua mkoba, akatoa lile gazeti, akalikunjua mezani.

"Alitengewa hiki."

Mtu akasonya. "Mama!" Kishor akasema kwa uchungu.

"Nyamaza, mwanangu, nimeulizwa mimi." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Alitengewa hiki leo asubuhi. Nimekitoa nyumbani na hakirudi. Atanywea ninachonywea mimi, atakichukua kabatini kwa mkono wake, bila kumwomba mtu. Na asiyetaka kunywa naye atakaa na kiu yake, hata akiwa mume wangu. Sasa naomba. Sijazoea kuomba, nisameheni nikikosea. Naomba binti yenu kwa ajili ya mwanangu."

Zipporah akakiokota kikombe. Akakigeuza, akapitisha kidole pale palipobanduka.

"Hiki nitapandia dania ya kuungia mchuzi," akasema mwishowe. Akafungua aproni yake, akaitupa juu ya meza, akavuta kiti na kuketi bega kwa bega na Pushpa. "Mzee, posa nimeisikia. Nimeipokea."

"Lakini Zipporah, chai ya wageni..."

"Iko jikoni. Na wewe una mikono."

Abdulwakil aliinuka wa kwanza. Mzee Njenga alibaki amesimama, akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumuunga mkono, asimpate. Akamfuata.

"Jamani!" sauti ikatoka chini ya leso moja. "Ninatafutwa leo au kesho? Huku ndani kuna joto!"

"Bado! Ngoja tufike!" mzee akapiga kelele kutoka jikoni, lakini Mumbi alikwisha kuitupa leso. Alikuja moja kwa moja, jasho likimtoka usoni, akampita Kishor na kumkumbatia Pushpa kwanza.

Simu ikalia mkobani. Alikuwa Jaya, na kwa Kiingereza chake cha kukimbia alisema nyumba imejaa moshi, baba ameunguza unga wote, na anauliza mama atarudi lini.

"Mwambie tukimaliza," Pushpa akasema. "Akitaka kuja, kiti kipo. Chai atajimiminia."

Mzee Njenga akatokea na trei, ameishika kama anayebeba mtoto mchanga. Vikombe vilikuwa vya kila namna, na sahani ya chapati ilikuwa bado inafuka. Pushpa akachukua kikombe kilichokuwa karibu, kisha akachukua chapati ya juu. Ikamchoma vidole. Akaikunja, akaila akiwa ameketi.