Mheshimiwa Hajafika Makambako

Jamani, Romanus akikuambia anakuja, usimwamini mpaka umwone anashuka kwenye basi. Oktavia, mkewe, alimwamini kila mara. Tangu Romanus achaguliwe kuingia Bunge la Afrika Mashariki, alikuwa mtu wa Arusha, mara Kigali, mara Bujumbura, na nyumba yao ya Makambako akabaki nayo mwanamke peke yake.

Romanus alipenda ulanzi, ile pombe ya mianzi, ungali mbichi na mtamu, kabla haujachachuka. Basi kila alipoahidi kuja, Oktavia alidamka kwenda Njombe kwa mjomba wake, mgema, akarudi na dumu amelipakata. Jioni simu inalia: kikao kimeongezwa. Kesho yake ulanzi umeshakuwa mkali, na majirani wamejaa uani.

"Kamwene, Mama Mheshimiwa!" jirani yake Telesia alimsalimu kwa utani huku akijimiminia. "Sisi tunaomba waongeze vikao!"

Oktavia alicheka nao, kisha akaingia ndani kulia. Alimkumbuka mno mumewe, hata kukoroma kwake.

Safari hii Telesia alikuja mbio na simu mkononi. "Njoo umwone mumeo!" Romanus alikuwa amesimama bungeni, suti imemkaa, akitetea hoja kwamba wafanyakazi wanaovuka mipaka waruhusiwe kuishi na familia zao.

"Waheshimiwa, mke hakuolewa ili alale na picha ya mumewe!"

Wabunge wa nchi zote wakapiga meza. Telesia naye akapiga vigelegele. Oktavia hakupiga. Huyo ndiye mume aliyemtaka, na maneno yake hayohayo, lakini awe hapa sebuleni.

Jioni Romanus akapiga simu. "Umenisikia, mama? Hoja imepita!"

"Nimekusikia, baba. Hongera. Unakuja lini?"

"Wiki hii haiwezekani. Wabunge wa Tanzania tuliobaki ni wachache. Nikiondoka akidi haitimii, kikao kinavunjika."

"Basi nije mimi. Kati ya Makambako na Arusha hakuna mpaka. Nakata tiketi kesho."

Oktavia aliibana simu sikioni, akasikia watu wakicheka upande wa pili.

"Subiri kwanza," alisema Romanus. "Nina kamati."

"Romanus, nimekukumbuka. Nimekukumbuka mpaka naumwa."

"Ndiyo maana tunawatungia sheria, mama," akajibu Mheshimiwa, akaaga.