Jiwe la Isongole

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeikalia Tukuyu hata migomba ya mtaa wa Bulyaga ikaonekana nusu nusu, na manyunyu yalidondoka bila haraka. Gwakisa aliegesha lori lake kando ya barabara, akatembea kwenye tope hadi nyumbani kwa marehemu Mzee Ambilikile. Daftari la hotuba alikuwa amelificha ndani ya koti lisilowe.

Ulikuwa umetimia mwaka tangu mzee azikwe, na leo familia ilikuwa inaweka msalaba kaburini. Gwakisa ndiye aliyeombwa kuzungumza kwa niaba ya madereva. Nani mwingine? Ambilikile ndiye aliyemtoa kwenye kuchuma chai, Gwakisa akiwa na miaka thelathini na minne, akamfundisha kuendesha lori, na alipogundua kwamba hajui kusoma vizuri, akamsukuma aende madarasa ya jioni. "Dereva asiyesoma kibao ni kipofu mwenye haraka," alimwambia.

Obed, dereva mwenzake, alimkuta amesimama peke yake karibu na migomba.

"Kaka, koti hilo ni la msiba au la kupelekea mahari?"

"Niache, Obed."

"Nauliza tu. Umekunja uso kama mtu aliyesimamishwa na trafiki, leseni kaiacha nyumbani. Soma polepole. Ila ukilia, sisi hatukujui."

Gwakisa akatabasamu kwa adabu. Mwalimu wa jioni alikuwa ameisahihisha hotuba yote kwa kalamu nyekundu. Kosa lililobaki ni lile ambalo Gwakisa hakuliandika.

Barabara ya Isongole ni ya kupanda na kushuka. Lori likipata pancha mlimani, dereva huweka jiwe nyuma ya gurudumu ili lisirudi nyuma. Wengi wakimaliza huondoka, jiwe wakaliacha palepale katikati ya njia. Ambilikile hakuwa hivyo. Badala ya jiwe alikuwa na kigogo cha mkaratusi, amekifunga kwa kamba kwenye chasisi, ili hata akisahau, kigogo kimfuate kikiburuzika. "Jiwe likishakusaidia, usimwachie mwenzako," alikuwa akisema.

Miaka mitano iliyopita, Gwakisa alipata pancha kwenye mlima huo akiwa amebeba viazi. Kigogo hakuwa nacho. Aliweka jiwe, akabadili tairi huku mvua ikimpiga, akaondoka. Alikuwa amekwenda kama kilomita mbili alipolikumbuka. Akapunguza mwendo. Akafikiria tope, akafikiria kugeuza lori lenye mzigo kwenye njia nyembamba, akafikiria shati lililomganda mgongoni. Akasema moyoni, "Atakayepita ataliona." Akabadili gia, akaendelea.

Aliyepita hakuliona, kwa sababu ya ukungu. Ilikuwa bodaboda iliyombeba Mzee Ambilikile akitoka mazikoni. Mwendesha pikipiki alichubuka viganja. Mzee alivunjika nyonga, na hakushika usukani tena.

Kwa miaka minne Gwakisa alimtembelea kila Jumapili. Alipasua kuni, alichota maji, alimsomea Zaburi kwa kusitasita, na mzee akamsifu kama mtoto aliyeongoza darasa. Kabla ya kuagana mzee aliomba, na katika maombi yake kulikuwa na maneno asiyoyaacha: "Na yule aliyeacha jiwe, Bwana, umpe amani, maana najua hana." Kisha alingoja kuitikiwa.

Na Gwakisa aliitikia amina.

Msalaba ulipokwisha kusimikwa, kabla hotuba haijaitwa, mjane wa mzee, Mama Atupokile, alisimama. Mkononi alishika kile kigogo, kamba ameizungushia.

"Watoto wangu hakuna aliyependa lori," alisema. "Gwakisa, mwanangu, njoo. Huyu alimfuata mume wangu katika kila kitu. Hiki ni chako. Ndaga, mwanangu. Asante."

Watu wakapiga makofi. Gwakisa akasogea, akanyoosha mikono, kisha akairudisha.

"Mama, siwezi kukipokea."

"Kina mchwa?" Obed aliuliza chinichini, na wachache wakacheka.

"Jiwe lililomwangusha mzee nililiacha mimi," Gwakisa akasema. "Nililisahau, halafu nikalikumbuka nikiwa bado karibu, nikaona uvivu kurudi. Nikaja hapa miaka minne na sikusema. Hata siku zake za mwisho sikusema."

Manyunyu yalisikika juu ya turubai. Obed alitazama viatu vyake. Mama Atupokile akakaa polepole, kigogo mapajani.

"Chai yangu ulikunywa," alisema baadaye, bila kupandisha sauti.

"Ndiyo, mama."

"Na maombi yake ukayasikia."

"Niliitikia, mama. Kila Jumapili."

Mchungaji alitaka kuinuka. Mama akamzuia kwa mkono. "Subiri, Mchungaji. Mume wangu alishamsamehe, hata bila kumjua. Au alimjua, sijui. Mimi leo neno hilo sina, na sitalitoa la uongo mbele ya kaburi. Nitaliomba." Akamgeukia Gwakisa. "Lakini kigogo hiki hakirudi ndani. Kitamsaidia nani huko? Kichukue. Na useme utakifanyia nini, watu hawa wasikie."

Gwakisa akapiga magoti kwenye majani mabichi. Daftari likamtoka kwenye koti, likaanguka, asiliokote. Akapokea kigogo kwa mikono miwili. Kamba ilikuwa bado na grisi ya mzee.

"Mimi, Gwakisa," alisema, kisha akaanza upya ili hata walio nyuma wasikie. "Mimi, Gwakisa, mbele za Mungu na mbele yenu, nitakifunga kwenye lori langu leo kabla sijaondoka hapa. Jiwe lolote nitakalolikuta barabarani, nitasimama, nitashuka, nitaliondoa, hata mvua inyeshe, hata kama si langu. Na kila dereva nitakayemfundisha, nitamwambia nani aliyeacha lile la Isongole. Nitamwambia kwa jina langu."